Karatasi Baada ya Milima

Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, foleni ilifika hadi barabarani mbele ya nyumba moja ya Burnsville, Minnesota. Mwenye nyumba, mjane aliyewahi kufundisha piano, alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wakiuza kila kilichokuwamo: vitanda, sufuria, kofia za baridi, hata mapambo ya Krismasi. Sebuleni watu walipishana kwa mabega. Mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia taa, na mwingine amekikalia kiti asije akanyang'anywa.

Jeptoo alisimama karibu na ngazi, simu sikioni, akimweleza kwa Kiswahili mwenzake wa nyumba kwamba sufuria nzuri zimekwisha chukuliwa. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Coon Rapids na alikuwa ametoka shifti ya usiku. Juu ya sare ya buluu alivaa koti la rangi ya haradali, na nywele zake, zilizosukwa mistari midogo, alikuwa amezifunga kwa mpira wa kufungia mkono wa mgonjwa anapotolewa damu. Mkononi alishika kisanduku cha mbao, chembamba na kirefu.

"Samahani, dada. Hiyo unainunua?"

Aligeuka. Aliyemsemesha alikuwa mwanamume mrefu, amevaa koti jeusi la sufu na shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Viatu vyake viling'aa ingawa nje majani yalikuwa yamelowa.

"Nimeishika. Ama wewe unaona nini?"

"Naona umeishika kichwa chini."

"Sanduku liko na kichwa?"

"Sanduku, hapana. Kilichomo ndani, ndiyo."

Aliitwa Ntwali, mzaliwa wa Uvira, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Fridley. Alifuta mikono kwa leso, akafungua kisanduku juu ya piano, akatoa gombo la karatasi lililoungwa kwenye hariri. Alilikunjua kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha upana wa mabega kwa wakati mmoja, huku mkono wa kulia ukiviringisha kilichokwisha tazamwa. Milima ya wino mweusi ilipita mbele yao, kisha mto, kisha milima tena.

"Aki huu ni ukungu tu," alisema Jeptoo. "Mtu alilipwa kuchora ukungu?"

"Hakuchora ukungu. Aliacha karatasi tupu. Ukungu umeuona weye."

Jeptoo alitazama tena. Ilikuwa kweli. Hakumwambia kwamba ni kweli.

"Sikiza. Mimi nataka sanduku. Niko na vijiti vya kufumia havina pa kukaa. Wewe chukua karatasi, lakini utanibebea kabati mpaka kwa gari."

"Kabati liko wapi?"

"Juu."

"Na kama ningesema picha siitaki?"

"Ungebeba tu. Uko na uso wa kubeba."

Jioni hiyo simu ya Jeptoo ililia.

"Kabati limelalaje?"

"Limelala wima. Mgongo je?"

"Mgongo unakusalimia. Unauliza kama una lingine."

"Niko na friji."

"Bon. Kwa friji nitakuja na mgongo wa mtu mwingine."

Waliongea hivyo kila asubuhi, Jeptoo akitoka shifti na Ntwali akisubiri kuingia kiwandani, kila mmoja ndani ya gari lake lililoegeshwa, injini ikiwaka kwa ajili ya joto. Yeye alimwita Bwana Ukungu. Ntwali alimwita chérie, na alipochokozwa sana, madame la Kabati. Theluji ilipoanza walihamia kwenye jumba la sanaa la Minneapolis, ambako kuingia ni bure na magombo ya kale ya Kichina yana vyumba vyake. Mara nyingi Jeptoo alisinzia kwenye benchi mbele ya mlima fulani, kichwa kwenye bega la sufu. Ntwali hakumwamsha.

"Nimelala sana?"

"Kidogo. Walinzi wamebadilishana."

"Na wewe umefanya nini wakati wote huo?"

"Nimevuka mto, nikapanda mpaka kwenye kile kibanda. Hapakuwa na mtu, nikarudi."

Picha zilikuwa jambo la ukoo wa Ntwali. Babu yake, Niyibizi, alikuwa mfugaji wa milima ya Itombwe aliyeshuka bonde la Ruzizi katika miaka ya sabini kulinda ghala la Wachina waliofundisha kilimo cha mpunga. Mmoja wao, mtaalamu wa mifereji aliyeitwa Liu, alipoondoka alimwachia gombo moja na kikopo cha kaure chenye rangi nyekundu ya muhuri. Alimweleza pia desturi: anayemiliki picha hugonga muhuri wake kwenye karatasi iliyoungwa baada ya mchoro, ili wanaofuata wajue imepita mikononi mwa nani. Niyibizi hakuwa na muhuri. Alitumia dole gumba. Mchoro ulikuwa wa milima ya China, lakini yeye aliamua ni Itombwe, na katika familia hakuna aliyewahi kumbishia.

Mwanawe Eliezer, baba wa Ntwali, aliongeza magombo mawili aliyoyanunua Bujumbura. Vita vilipofika Uvira aliyabeba yote matatu ndani ya bomba la plastiki la maji, na kila kitu kingine cha nyumba kilibaki. Ntwali, kule Minnesota, alikuwa ameongeza mawili kutoka katika nyumba za marehemu. Hilo la Burnsville, la pili kati ya hayo, lilikuwa la tano.

Desemba, katika nyumba yake ya kupanga, alimfungulia Jeptoo gombo la babu. Alikunjua milima, maporomoko, mzee mwenye fimbo akivuka daraja. Halafu akasimama.

"Endelea."

"Imekwisha."

"Haijakwisha. Naona hapo bado ni nene."

"Huko bado."

"Huko kuna nini?"

"Karatasi tu, chérie."

"Karatasi tu, na umeishika kama yai?"

"Nashika kila kitu hivyo. Uliza kabati."

Jeptoo alicheka, na mambo yakaishia hapo. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na alama za dole gumba za Niyibizi na mkewe, za Eliezer na mkewe Nyiraneza, ya Ntwali alipokuwa na miaka sita, na ya dada yake, Reine, alipokuwa na miaka miwili. Reine alikuwa akicheka na kujinyonganyonga wakati dole lake linashikwa, kwa hiyo alama yake ilivutika pembeni kama mkia mdogo. Alikufa kwa surua katika kambi moja nchini Burundi. Hakuwahi kupigwa picha.

Anayeolewa katika familia hiyo huonyeshwa karatasi siku ya utambulisho, mbele ya wazazi, na hapohapo huweka dole lake. Utambulisho wa Jeptoo ulipangwa kufanyika baada ya Pasaka. Kumweleza kungechukua sentensi moja. Ntwali aliona ni vizuri zaidi kungoja, kwa sababu alitaka kuuona uso wake siku hiyo.

Januari Eliezer, aliyekuwa akiishi na mkewe hapohapo Minnesota, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, kumbukumbu ikawa ya kuja na kuondoka, na familia ikampeleka kwenye kituo cha kuuguzia wazee hapo Fridley. Jeptoo alikuwa akipita akitoka kazini kumnyoa ndevu, maana hakupenda walivyomnyoa wenyeji.

"Geuza shavu, Papa. Hivyo. Sasa unakaa kama bwana harusi."

"Bwana harusi wa mkono mmoja," alisema Eliezer. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta uliomwelekea, mweupe, usio na kitu. "Binti, mlima wangu uko wapi?"

"Uko kwa Ntwali."

"Siwezi tena kuukunjua. Ule mlima unataka mikono miwili."

Jeptoo alipangusa wembe. Aliutazama ukuta, akaupima kwa macho.

Wiki iliyofuata baridi ilipasua bomba la maji kwenye jengo la Ntwali. Alifika kwa Jeptoo akiwa amelowa mpaka magotini, magombo matano kifuani, makavu.

"Nakuachia baba yangu na babu yangu."

"Na bibi?"

"Na bibi pia. Usiwape chai."

"Watakunywa nini sasa?"

"Wape ukungu." Alimbusu paji la uso. "Vraiment, kweli kabisa, Jeptoo. Hakuna mtu mwingine ningempa."

Siku chache baadaye Jeptoo alilichukua gombo la babu mpaka kwenye duka la fremu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mgonjwa ana mkono mmoja, picha inahitaji miwili, picha iliyo ukutani haihitaji hata mmoja. Hakumwambia Ntwali, kwa sababu zawadi iliyotangazwa si zawadi. Mwenye duka, Stacy, mwanamke mpole wa makamo, alilisifu sana. Jeptoo alimwonyesha mpaka kwenye mzee wa darajani, pale Ntwali alipokomea, na yeye pia akakomea hapo.

Stacy alimpigia simu jioni, kabla ya kufunga duka, Jeptoo akiwa amekwisha anza shifti. Kengele ya mgonjwa wa chumba cha pili ilikuwa ikilia, na Jeptoo alikuwa na sindano mkononi.

"Mwisho wa picha kuna karatasi ndefu," alisema Stacy. "Haina mchoro. Ina madoadoa mekundu, kama mtu alimwaga kitu. Nikiiacha, fremu itakuwa ndefu kuliko ukuta uliopima. Nifanye nini?"

Jeptoo alikumbuka alichoambiwa.

"Hiyo ni karatasi tu," alisema. "Ikate. Ipendeze."

Fremu ilitundikwa Alhamisi moja ya Februari. Jeptoo alivaa gauni la zambarau na hereni za shanga, akawapigia simu wote: waje, wasiulize kwa nini. Nyiraneza, mama yake Ntwali, alifika na chupa ya chai. Ntwali alifika na mavazi ya kiwandani, akalalamika kwamba angeambiwa mapema angebadilisha shati. Jeptoo aliondoa shuka lililofunika ukuta.

Eliezer alitazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande ulio hai.

"Itombwe," alisema.

"Sasa utauona hata ukiwa umelala, Papa," alisema Jeptoo. Alimgeukia Ntwali akitabasamu. "Bwana Ukungu, mbona hupigi makofi?"

Ntwali alikuwa amesogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitazama ukingo wa kushoto, pale daraja lilipoishia na mbao ya fremu ikaanza.

"Na wengine?" aliuliza Eliezer kutoka kitandani.

"Mkia uko wapi?" alisema Ntwali.

"Mkia gani?"

"Karatasi, Jeptoo. Karatasi ya nyuma."

"Ile yenye madoa? Si ulisema..." Aliona uso wa Nyiraneza.

Nyiraneza alikuwa ameweka chupa ya chai sakafuni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaufunika uso kwa ncha ya kitenge.

Ni Nyiraneza aliyemweleza, kwa sauti ya kawaida, kilichokuwa kwenye karatasi hiyo. Jeptoo hakungoja mwisho. Aliendesha gari mpaka dukani bila koti. Stacy alimsikiliza, akalia naye, akampeleka nyuma ya duka. Mabaki ya karatasi huchukuliwa na lori Jumanne. Jeptoo alilifungua pipa hata hivyo, akaingiza mikono mpaka mabegani. Mlikuwa na vipande vipya vya kadibodi na theluji.

Simu ya Ntwali ilikuja kesho yake, saa ileile ya kila siku.

"Umekula?"

"Nitukane tu, Ntwali."

"Sitaki kukutukana. Ni mimi niliyekuambia ni karatasi tu."

"Ndiyo. Uliniambia."

"Kwa hiyo kosa ni langu nusu. Na nusu yako nimeisamehe, chérie. Sisemi tu. Nimekaa nikaitafuta hasira, sikuiona."

"Najua."

"Donc, basi?"

"Donc nini? Wewe unisamehe, halafu Papa aniulize kesho."

Ilikuwa hivyo. Kila alipofika na wembe na bakuli la maji ya moto, Eliezer alimuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza ziliko funguo.

"Binti, wale wengine umewaweka wapi?"

Mara ya kwanza alimwambia ukweli. Mzee alilia, akalala. Alipoamka hakukumbuka, akauliza tena, na ukweli ukawa mpya kabisa. Baada ya kumwona akifiwa mara tatu na mtoto yuleyule, Jeptoo aliacha kuusema.

"Wako salama, Papa."

"Asante. Mfunike Reine. Ana baridi."

Ntwali, ambaye mara nyingi alikuwapo, aligeukia dirishani. Hakufanya hivyo kwa kumchukia Jeptoo. Alikuwa akimpenda kama zamani na bado alimletea supu kazini, lakini kila baba yake alipouliza, shingo yake iligeuka yenyewe. Jeptoo, aliyezoea kusoma miili ya watu waliosema hawana maumivu, aliliona hilo na hakulisahau.

Wazo la karatasi mpya lilikuwa la Nyiraneza. Ntwali aliinunua Saint Paul, kwenye duka moja la Waasia la barabara ya University, nyeupe na laini, na Jumapili iliyofuata Pasaka walikusanyika kwenye chumba cha Eliezer kufanya utambulisho kama ulivyopangwa. Nyiraneza alivaa mushanana, vazi la sherehe la kwao, la rangi ya samli, lililofungwa begani. Jeptoo alivaa gauni la kijani aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Ntwali alivaa suti, na kifungo cha juu cha shati kilikuwa kimefungwa.

"Umependeza mpaka naogopa," alimnong'oneza.

"Ogopa tu. Mimi pia naogopa."

Kikopo cha kaure kilifunguliwa. Rangi ilikuwa bado nzito, nyekundu kama ya zamani. Nyiraneza alilishika dole la mumewe, akalichovya, akaligandamiza. Kisha akaweka lake. Ntwali alipoinama kuweka lake karibu na la mama yake, Eliezer aliunyanyua mkono wake ulio hai.

"Hapo msiguse," alisema. "Hapo ni pa mtoto."

Ntwali alisogeza mkono, akaweka dole lake mbele kidogo. Katikati palibaki peupe, pakubwa kama dole la mtoto wa miaka miwili. Alimpa Jeptoo kikopo, akageukia dirishani.

Jeptoo alikishika. Aliutazama ule weupe. Kwingine mchoraji angeweza kuacha mahali patupu na mtu akaona ukungu. Yeye aliona mahali patupu. Aliona pia kwamba karatasi hiyo mpya ingekuwa imeanza kwa sababu yake. Kila mtoto ambaye angemzaa angeletwa mbele yake, ashikwe dole, na angeuliza hapo katikati ni pa nani, na jibu lingemhitaji mama yake.

Alikifunika kikopo.

"Mama, nisamehe. Siwezi."

"Binti yangu," alisema Nyiraneza, "hapa hakuna anayekudai."

"Najua, Mama. Mngekuwa mnanidai ningelipa."

Eliezer alikuwa amesinzia. Jeptoo alimpandishia blanketi mpaka kifuani, akatoka.

Alikuwa ndani ya gari, injini ikiwaka, simu ilipolia. Alimwona Ntwali kwenye dirisha la ghorofa ya pili, amebandika kiganja kwenye kioo.

"Bwana Ukungu."

"Rudi juu. Rangi haijakauka."

"Nikirudi utaniangalia?"

"Nakuangalia sasa."

"Sasa niko mbali. Nikiwa karibu unaangalia dirisha."

Ntwali alishusha kiganja. Hakuwa mtu wa kusema uongo, isipokuwa ule mmoja.

"Itapita, Jeptoo."

"Labda. Miaka mingapi? Na mimi nikae hapo nikikuangalia unajitahidi?"

"Ningejitahidi maisha yote."

"Hiyo ndiyo naogopa, bana."

Gari lililokuwa nyuma yake lilipiga honi, likitaka nafasi.

"Na kabati?" aliuliza Ntwali. "Ukihama, nani atalibeba?"

"Nitatafuta mtu mwenye uso wa kubeba."

"Hutampata."

"Najua," alisema, akakata.

Eliezer alikufa Agosti. Jeptoo alihudhuria mazishi, akakaa nyuma kabisa, amevaa kijivu. Ntwali alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na wote wawili walisema maneno yanayosemwa siku kama hiyo. Kabla ya baridi Jeptoo alihamia hospitali ya upande wa kusini, karibu na Burnsville. Kisanduku alicho nacho kina vijiti vya kufumia.

Fremu iko kwa Nyiraneza, mahali pasipopigwa na jua. Ntwali bado hujipanga Jumamosi mbele ya nyumba za marehemu, na magombo yake yamefika saba. Karatasi mpya haikuungwa kwenye picha yoyote. Ameiviringisha peke yake. Ina alama tatu nyekundu na nafasi mbili. Ya kwanza ni ile baba yake aliyosema isiguswe. Ya pili iko kando ya dole la Ntwali, upande wa kushoto. Anaponunua picha nyingine huweka dole lake kwenye karatasi ya picha hiyo, si hapo, na nafasi hiyo ya pili hakuna aliyemwambia aiache.